Ina kasi kuliko ipi?

Mhasibu wa SACCOS ninayoitunzia programu ni mama wa makamo asiye na muda wa hadithi za kompyuta, na ninamheshimu kwa hilo. Mwishoni mwa 2023, tukijiandaa kufunga hesabu za mwaka, nilimwambia nataka kuihamisha programu ya gawio kutoka toleo la 3.8 la Python, lugha iliyoandikiwa, kwenda toleo la 3.12. Akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo mpya ina kasi kuliko hii?" Nikajibu ndiyo bila kusita, maana nilikuwa nimesoma hivyo kwenye nyaraka za Python zenyewe. Usiku ule nikakaa kupima ili kesho yake nimpelekee namba.

Namba ikatoka kinyume.

Nilichopima kilikuwa kidogo, mstari mmoja wa kujumlisha vipeo vya pili vya namba:

python3 -m timeit "sum(i*i for i in range(1000))"

Nikauendesha kwenye 3.8, kisha kwenye 3.12, na 3.12 ikawa nyuma. Si kwa pengo kubwa, lakini nyuma. Nikafunga kivinjari, nikazima muziki, nikarudia mara nne. Mpangilio ukabaki uleule. Mtu akikuambia kitu ni chepesi, nawe ukakibeba ukakiona kizito, kwanza unajishuku mikono. Mimi nilianza kuishuku Python. Nusura niandike ujumbe mrefu kwenye kundi letu la waandishi wa programu nikisema maneno ya kasi mpya ni maneno matupu. Namshukuru Mungu usingizi ulinizidi.

Asubuhi nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: hizi Python mbili zimefikaje kwenye mashine yangu? Ile 3.8 ilikuja na mfumo wa uendeshaji wa Ubuntu 20.04, imejengwa na watu wanaojua wanachofanya. Ile 3.12 niliijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo, kwa amri za kawaida: configure, make, make install. Kuna njia rahisi ya kuiuliza Python yoyote ilijengwaje:

python3 -c "import sysconfig; print(sysconfig.get_config_var('CONFIG_ARGS'))"

Ile ya Ubuntu ilimwaga mstari mrefu wa vigezo, na Ubuntu huijenga Python yake kwa maboresho ambayo mtu anayejijengea huyapata kwa neno --enable-optimizations. Ile yangu haikuwa nalo.

Neno hilo si pambo. Ukiliweka, Python inajengwa mara mbili. Mara ya kwanza inajengwa ikiwa na vihesabio ndani yake, kisha inaendeshwa kwa majaribio yake yenyewe ili ionekane njia zipi ndani ya msimbo zinapitwa sana na zipi zinapitwa kwa nadra. Kisha kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inajenga upya ikiwa na ujuzi huo: njia zenye msongamano zinapangwa karibu karibu, za nadra zinasogezwa pembeni. Kazi hiyo inachukua muda, na laptopu yangu hupiga kelele za feni mpaka inaisha. Lakini ndiyo Python ambayo watu wengi wanaitumia, na ndiyo wanayoizungumzia wanaposema toleo fulani lina kasi kiasi fulani.

Tena, nilipoipekua historia ya terminali, nikakuta configure ilikuwa imeniambia. Mwisho kabisa wa maelezo yake inaandika kwamba ukitaka toleo lenye maboresho yote yaliyo imara, iendeshe tena kwa kuongeza neno lile. Nilikuwa nimeipita sentensi hiyo kama mtu anavyopita tangazo la ukutani. Kwa hiyo usiku ule sikulinganisha 3.8 na 3.12. Nililinganisha Python iliyojengwa kwa mafunzo na Python iliyojengwa bila mafunzo, na tofauti ya matoleo ikafunikwa na tofauti ya ujenzi.

Nimeanzia hapa kwa sababu tangu siku ile, kila ninaposoma kwamba toleo fulani la lugha ni jepesi kuliko jingine, jicho langu halianzii kwenye namba ya toleo jipya. Linaanzia kwenye lile la zamani: lilijengwaje, kwa kompaila ipi, kwenye mashine gani? Kosa likiingia huwa linaingilia mlango huo, kwa sababu hakuna anayeulinda. Kila mtu anamkagua mgeni. Mwenyeji anaaminiwa.

Na ahadi ya kasi ya Python ilikuwa ya kweli. Toleo la 3.11 lilitoka Oktoba 2022, na nyaraka zake zinasema ni jepesi kwa kati ya asilimia 10 na 60 kuliko 3.10, kwa wastani wa mara 1.25. Watu wengi walinukuu namba hizo na kuishia hapo. Ukisoma mpaka mwisho, maelezo yanasema zimepimwa kwa mkusanyo wa vipimo unaoitwa pyperformance, Python ikiwa imejengwa kwa kompaila ya GCC kwenye Ubuntu. Yaani walioandika walitaja kipimo, kompaila na mfumo. Huo ni uungwana mkubwa, na sisi tunaonukuu ndio tunaokata mkia wa habari.

Kasi ile ilitoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, maana ni kitu kizuri sana.

Jirani na ofisi yetu kuna mama lishe. Siku za mwanzo aliniuliza kila kitu: wali au ugali, maharage au samaki, na mboga ya majani niweke? Baada ya wiki moja akawa ananiona natokea kwenye kona tu, sahani imeshajaa wali maharage. Hajaacha kunitazama. Akiona nimeshika chapati mkononi, anarudi kuniuliza kama mgeni. Lakini siku nyingi hakuna swali, na foleni inakwenda.

Python ya kabla ya 3.11 iliuliza kila siku. Ukiandika a + b, ilibidi kila mara itazame a ni kitu gani, b ni kitu gani, je ni namba, ni maneno, ni orodha, kisha itafute namna ya kuvijumlisha. Hata kama mstari ule uko ndani ya lupu inayozunguka mara milioni na kila mara ni namba kwa namba, maswali yalikuwa yaleyale. Kuanzia 3.11, mstari ukishapitwa mara kadhaa na Python ikaona ni namba tu zinazokuja, inabadilisha lile agizo la jumla kwa agizo mahususi la kujumlisha namba nzima. Kinachobaki ni kuhakikisha haraka kwamba bado ni namba. Zikija aina nyingine inarudi kwenye agizo la jumla. Mpango huu umeandikwa kwenye pendekezo namba 659 la Mark Shannon, aliyefanya kazi hiyo ndani ya kikosi kimoja na Guido van Rossum, mwasisi wa lugha yenyewe.

Unaweza kuliona kwa macho. Andika fankisheni ndogo ya kujumlisha, iite mara nyingi, kisha iangalie kwa dis.dis, chombo cha Python cha kuonyesha maagizo yake ya ndani, ukiweka adaptive=True. Pale ilipokuwa imeandikwa BINARY_OP utakuta BINARY_OP_ADD_INT. Mara ya kwanza nilipoiona nilimwita mwenzangu aje atazame skrini. Ni msimbo uleule nilioandika mimi, sijaugusa, na umejifunza wateja wake.

Sasa rudi kwenye programu ya gawio, uone jinsi habari hiyo njema inavyoweza isikuhusu.

Fedha za wanachama hatuzihesabu kwa namba za nukta za kawaida za kompyuta, zile ambazo 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004. Mwanachama hawezi kuletewa taarifa ya namna hiyo. Tunatumia moduli ya decimal, inayohesabu kwa kumi kama tulivyofundishwa darasani. Moduli hiyo, mpaka 3.2, ilikuwa imeandikwa kwa Python tupu na ilikuwa nzito mno. Septemba 2012 likatoka toleo la 3.3, na decimal ikaandikwa upya kwa C, lugha iliyo karibu zaidi na mashine. Nyaraka za toleo lile zinataja ongezeko la kasi la mara 10 kwa kazi za kanzidata, na mpaka mara 100 kwa kazi za hesabu nzito. Mara mia! Watu wanasifu mara 1.25 ya 3.11, na wanastahili kuisifu. Lakini kwa mtu anayehesabu fedha, sikukuu ilishapita miaka 10 nyuma yake, katika toleo ambalo wengi walikuwa hata hawajalihamia kwa sababu bado walikuwa kwenye Python 2.

Na kwa kuwa decimal iko ndani ya C, maagizo mahususi ya 3.11 hayana pa kuigusa. Python inakabidhi kazi, inasubiri, inapokea jibu. Ni hivyohivyo kwa NumPy, maktaba ya hesabu za namba nyingi, na ni hivyohivyo kwa muda unaopotea kusubiri kanzidata ijibu. Waandishi wa 3.11 walilisema hili waziwazi: programu inayotumia muda wake mwingi kwenye diski na mtandao, au kwenye maktaba za C, isitarajie mabadiliko makubwa. Kwa hiyo ule mstari wangu wa vipeo vya pili, hata ningeujengea Python ipasavyo, ulikuwa unapima kitu ambacho SACCOS haikifanyi.

Ningeweza kuishia hapo na kubaki nikidhani makosa haya ni ya sisi tunaopima usiku mezani kwetu. Mwaka 2025 likatokea jambo lililonibadilisha mawazo.

Mwezi wa pili mwaka ule, Ken Jin, mmoja wa wajenzi wa Python, aliingiza kwenye msimbo wa 3.14 namna mpya ya kuendesha maagizo. Badala ya maagizo yote kukaa ndani ya fankisheni moja kubwa ya C, kila agizo linapata fankisheni yake ndogo, na likimaliza linamrukia mwenzake moja kwa moja bila kurudi nyuma. Vipimo vikaonyesha ongezeko la asilimia 9 mpaka 15 kwa wastani. Kwa lugha ya zamani hivi, ambayo watu wameipiga msasa miaka na miaka, hiyo ni namba ya kumfanya mtu asilale. Habari zikaenea. Mimi mwenyewe nilizisambaza.

Mwezi wa tatu, mhandisi wa programu Nelson Elhage akachapisha uchunguzi wake. Alifanya jambo moja la ziada: alipima kwa kompaila zaidi ya moja. Vipimo vya mwanzo vilikuwa vimetumia toleo la 19 la kompaila iitwayo Clang pande zote mbili, Python ya namna ya zamani na ya namna mpya. Ukitazama, hapo hakuna upendeleo wowote. Kompaila moja, mashine moja, vipimo vilevile. Mtu yeyote angesema huo ni ulinganisho wa haki. Lakini Elhage alipoijenga ile ya zamani kwa Clang 18, ikawa na kasi zaidi kuliko ilivyokuwa kwa Clang 19. Mwenyeji alikuwa mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Katika Python ya namna ya zamani, kila agizo linaishia na mruko wake mwenyewe wa kwenda kwenye agizo linalofuata. Hii inaisaidia prosesa, kwa sababu prosesa hukisia mruko utaangukia wapi kabla haujatokea, na inakisia kwa kukumbuka yaliyopita. Fikiria stendi yenye mageti mengi, kila geti na mlinzi wake: mlinzi wa geti la Mbagala anajua abiria wake huwa wanaelekea wapi. Clang 19 iliwekewa kikomo kipya ili isitumie muda mwingi kupita kiasi wakati wa kujenga baadhi ya programu, na kikomo hicho kikafanya miruko yote ya Python ikusanywe kuwa mmoja. Stendi nzima ikapitia geti moja, na mlinzi mmoja akaachiwa kazi ya kukisia safari za watu wote. Python ya zamani ikapoteza kasi kimyakimya. Ile mpya, kwa muundo wake wa fankisheni ndogondogo, haikuguswa. Ikaonekana imekimbia, kumbe kwa sehemu kubwa ni mwenzake aliyekuwa amerudi nyuma.

Kasoro ile ikarekebishwa kwenye toleo la 20 la kompaila. Nyaraka za 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, zinataja ongezeko la asilimia 3 mpaka 5. Bado ni faida halisi, na namna mpya imebaki kwa sababu ina heri nyingine pia: haitegemei tena kompaila itaamka na hali gani.

Ken Jin aliandika kuomba radhi hadharani. Niliisoma barua ile nikiwa kwenye daladala, nikaisoma tena nyumbani. Hakuwa amedanganya mtu. Alipima kwa uangalifu na wenzake wakakagua, na kasoro ilikuwa ndani ya chombo kisicho chake. Angeweza kunyoosha kidole kwa waandishi wa kompaila na kila mtu angemwelewa. Badala yake alisema namba yetu haikuwa sahihi, hii ndiyo sahihi, samahanini. Nimefanya kazi na watu wa namba kwa miaka, za fedha na za kompyuta, na mara chache sana nimeona mtu akiirudisha namba tamu aliyokwisha kupongezwa nayo. Ninamheshimu sana.

Kuna mambo mengine madogo ambayo sasa nayachunga, nayo nitayapitia haraka. Sipimi tena laptopu ikiwa inatumia betri. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kazi, toleo la kwanza likawa limepimwa na chaja na la pili bila chaja, na prosesa ikiwa kwenye betri inajipunguzia mwendo. Sipimi mchana wa Januari hapa Dar, kwa sababu mashine ikipata joto hujipunguzia mwendo vilevile, na anayepimwa wa pili ndiye anayeumia. Napima alfajiri, na kwa kupokezana: la zamani, jipya, la zamani, jipya. Katika marudio mengi nachukua muda mfupi zaidi kuliko wastani, kama timeit, kile kipima muda cha Python, inavyofanya yenyewe, kwa sababu kinachoongeza muda mara nyingi ni programu nyingine zinazopita njiani. Hata hivyo sijidanganyi kwamba hapo nimemaliza. Mwaka 2009 watafiti wanne walionyesha kwamba kubadilisha tu ukubwa wa vigeu vya mazingira ya mfumo, au mpangilio wa mafaili wakati wa kuyaunganisha kuwa programu, kunatosha kupindua hitimisho la kipimo. Tangu nilipojua hilo, tofauti ya asilimia 2 hainiambii chochote mpaka niione mara nyingi, kwenye mashine zaidi ya moja.

Nirudi kwa mhasibu. Niliijenga 3.12 upya, safari hii na lile neno lake, nikalala. Alfajiri nikarudia mstari wangu wa vipeo vya pili na 3.12 ikatangulia bila ubishi. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya toka mwanzo: nikachukua nakala ya hesabu za mwaka uliopita, nikaiendesha programu nzima ya gawio kwenye matoleo yote mawili, kuanzia kusoma wanachama mpaka kutoa taarifa ya mwisho. Tofauti ikawa ndogo mno. Muda wote ulikuwa kwenye kanzidata na kwenye decimal, mahali ambapo 3.12 haikuwa na la kuongeza.

Saa tatu asubuhi nikamfuata mezani kwake. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Juzi nilikujibu haraka. Mpya ina kasi, lakini kwa kazi yetu hii hautaiona. Taarifa itatoka muda uleule."

"Marahaba. Sasa kama ni muda uleule, tunahamia nini?"

Nikamweleza kwamba Oktoba 2024 toleo la 3.8 linafikia mwisho wake, na baada ya hapo tundu la usalama likigunduliwa hakuna atakayeliziba, na sisi tumeshika akiba za watu. Akavua miwani, akaiweka juu ya daftari la mahudhurio.

"Hilo liandike kwenye barua ya kamati," akasema. "Habari ya kasi iache."

Nikaiandika siku hiyohiyo, aya mbili, bila namba hata moja ya kasi.